Jinsi ya Kuchambua Jicho la Kiume katika Riwaya Mashuhuri za Marekani: Mwongozo Kamili

Insha nyingi kuhusu wanawake katika The Great Gatsby, riwaya ya F. Scott Fitzgerald, huanza vizuri na kuishia mahakamani. Aya ya kwanza inataja jicho la kiume, yaani namna kitabu kinavyomwonyesha mwanamke kama anavyotazamwa na mwanamume. Aya ya pili inauliza kama Daisy, mwanamke anayependwa na Gatsby, mhusika mkuu, ni mtu mwema. Kufikia aya ya nne Daisy amekwisha hukumiwa: mpenda pesa, mwoga, msaliti. Mwanafunzi hajatambua kwamba ameifanya kazi ileile ambayo msimulizi alimwachia aifanye.

Kosa hili linajirudia mno, hata kwa wasomaji makini. Chanzo chake ni kuanza na mwanamke anayeangaliwa badala ya kuanza na anayeangalia. Hatua zilizo hapa chini zinageuza mpangilio huo. Nimetumia The Great Gatsby kama mfano mkuu kwa sababu ndiyo inayowaangusha wengi, lakini njia hii inafaa riwaya yoyote.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Nakala kamili ya riwaya unayoweza kuiandikia pembeni. The Great Gatsby ilitoka mwaka 1925, na tangu Januari 2021 haina tena hakimiliki nchini Marekani, kwa hiyo nakala za bure zipo mtandaoni. Hakikisha yako ina sura zote 9. Muhtasari haufai kabisa, kwa sababu muhtasari hufuta jicho na kubakiza matukio tu.
- Daftari lenye safu nne: anayeangalia, anayeangaliwa, kinachoonekana, kinachofuata.
- Kalamu mbili za rangi tofauti.
- Muda wa kusoma mara mbili. Mara ya kwanza soma kama msomaji wa kawaida, bila kalamu.
- Maana moja fupi ya kuanzia. Mwaka 1975 Laura Mulvey, mhakiki wa sinema wa Uingereza, alichapisha makala iliyotaja macho matatu katika filamu: la kamera, la watazamaji, na la wahusika wanaotazamana. Alionyesha jinsi sinema za Hollywood zilivyoyapanga macho hayo ili mwanamume awe mwenye kutazama na mwanamke awe wa kutazamwa. Riwaya haina kamera. Ina msimulizi.

Usitazame filamu ya riwaya hiyo kabla ya kumaliza hatua ya 5. Kamera ina jicho lake, nalo litakaa juu ya jicho la kitabu mpaka ushindwe kuyatenganisha.

Hatua ya 1: Tafuta jicho limesimama wapi

Kabla ya kusema lolote kuhusu mwanamke yeyote, andika nani anasimulia, ana uhusiano gani na wahusika, na anasimulia lini.

Nick Carraway, msimulizi wa The Great Gatsby, ni ndugu wa mbali wa Daisy. Alisoma Chuo Kikuu cha Yale pamoja na Tom, mume wa Daisy. Ni jirani wa Gatsby. Anaandika baada ya Gatsby kufa, na kurasa za mwanzo kabisa zinatuambia kwamba mwishowe alimwona Gatsby kuwa mtu safi. Kila tunachoambiwa kuhusu Daisy kimepita kwa mtu aliyekwisha chagua upande.

Riwaya ya nafsi ya tatu huwadanganya wasomaji zaidi, kwa sababu inaonekana haina mtu. Hapo uliza swali la mahali: ni vyumba gani tunaingia na vipi hatuingii? Katika Of Mice and Men, kitabu cha Steinbeck cha mwaka 1937, tunaingia bweni la vibarua wa shambani, chumba cha Crooks, kibarua mweusi anayelala peke yake, ghala la nyasi, na mara mbili ukingo wa mto. Nyumba anayoishi mke wa Curley, mwana wa mwenye shamba, hatuingii hata mara moja. Huyo mwanamke hana hata jina. Mara ya kwanza tunapomwona amesimama mlangoni pa bweni akikinga mwanga wa jua, na tunamwona kutoka ndani, waliko wanaume.

Onyo: usiandike "Fitzgerald anasema" pale Nick anaposema. Kosa hilo dogo linabomoa insha nzima, maana linakunyima swali zuri utakalolihitaji katika hatua ya 6.

Umefaulu ukiweza kuandika sentensi moja ya aina hii: "Tunamwona Daisy kupitia mwanamume aliye ndugu yake, anayemsimulia baada ya kifo cha rafiki aliyempenda Daisy."

Hatua ya 2: Jaza daftari kwa matukio machache, lakini kwa undani

Usikusanye kila sentensi yenye neno "mzuri". Utapata orodha ndefu isiyothibitisha kitu. Chagua matukio matatu au manne, uyasome neno kwa neno, na uangalie vitenzi hasa. Kalamu ya kwanza ipigie mstari vitenzi vya anayeangalia. Ya pili, vitenzi vya anayeangaliwa.

Chukua tukio la kochi katika sura ya 1. Nick anaingia sebuleni kwa akina Buchanan, yaani Tom na Daisy. Madirisha yako wazi, upepo unapeperusha mapazia. Daisy na rafiki yake Jordan wako kwenye kochi kubwa, wamevaa nguo nyeupe zinazopepea, kana kwamba wanaelea juu ya puto lililofungwa kamba. Kisha Tom anafunga madirisha ya nyuma kwa kishindo. Upepo unakufa. Mapazia, mazulia na wasichana wawili wanashuka polepole hadi sakafuni.

Irudie sentensi hiyo ya mwisho. Mapazia, mazulia, wasichana. Wamewekwa kwenye orodha moja na samani, na vyote vinatii tendo moja la mwanamume mmoja. Hakuna tusi hapo. Hakuna hata sifa ya umbo. Sentensi ni nzuri ajabu, na uzuri wake ndio unaotufanya tuipite bila kushtuka. Ukiielewa sentensi hii umeielewa nusu ya somo: jicho la kiume hukaa katika mpangilio wa sentensi, yaani nani anatenda na nani anatendwa.

Mstari wako daftarini utakuwa hivi. Anayeangalia: Nick, akiwa mlangoni. Anayeangaliwa: Daisy na Jordan. Kinachoonekana: nguo nyeupe, kuelea, kutulia. Kinachofuata: Tom anafunga madirisha, wote wanatua.

Sasa linganisha na Myrtle Wilson katika sura ya 2. Yeye ni mke wa fundi wa gereji na hawara wa Tom. Kwa Daisy jicho lilishika sauti, uso na weupe wa nguo. Kwa Myrtle linashika mwili: unene wake, umri wake, namna anavyoubeba mwili wake. Nick ni yuleyule, kilichobadilika ni tabaka la mwanamke. Andika tofauti hiyo, maana insha nyingi huwazungumzia "wanawake" kama kundi moja, na hapo ndipo hoja inapopoteza makali.

Rangi nayo iingie daftarini. Katika sura ya 4 Nick na Gatsby wanavuka daraja la Queensboro, wanapitwa na gari la kifahari lililobeba Wamarekani weusi watatu, mmoja wao msichana, likiendeshwa na dereva mzungu. Nick anacheka jinsi wanavyowazungushia macho. Msichana yule hapewi hata nusu sentensi ya peke yake. Jicho tunalolichambua ni la mwanamume mweupe mwenye elimu ya Yale, na ukiliita tu "la mwanamume" utakuwa umesema pungufu.

Mifano minne iliyosomwa kwa undani inatosha. Ukiwa na arobaini, umerudi kwenye kukusanya.

Hatua ya 3: Uliza jicho linapima nini

Kuangalia peke yake si hoja. Hoja ni kazi inayofanywa na kuangalia huko.

Ushahidi wenye nguvu kuliko wote katika The Great Gatsby uko sura ya 8, na wanafunzi wengi huupita kwa sababu wanakimbilia kifo cha Gatsby. Nick anaeleza siku ambazo Gatsby, akiwa ofisa kijana wa jeshi, alianza kwenda nyumbani kwa akina Daisy. Anasema Gatsby alisisimkwa na jambo hili pia: kwamba wanaume wengi walikwisha mpenda Daisy. Jambo hilo lilimpandishia Daisy thamani machoni pake.

Hiyo ni lugha ya soko. Thamani ya Daisy inapanda kwa idadi ya wanaume waliomtaka, hata kabla hajafungua kinywa. Weka ushahidi huu karibu na ule wa sura ya 7, Gatsby anaposema kwamba sauti ya Daisy imejaa pesa, nawe utakuwa na hoja isiyohitaji kumwita mtu yeyote mbaya.

Kwa kulinganisha, fungua sura ya 1 ya The Awakening, riwaya ya Kate Chopin ya mwaka 1899. Edna Pontellier anarudi kutoka baharini, Grand Isle, ngozi imeungua jua. Mumewe anamtazama kama mtu anavyotazama mali yake ya thamani iliyopata hitilafu. Chopin ameliweka jambo wazi pale ambapo Fitzgerald ameliacha chini ya maji. Anayeanza uchambuzi wa aina hii aanze na Chopin, kwa sababu atajifunza kuliona jicho likiwa peupe kabla ya kulitafuta lilipojificha.

Hatua ya 4: Mfunike msimulizi kwa kidole

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote.

Tafuta kila mahali ambapo mwanamke anasema jambo zito kuhusu maisha yake. Kisha angalia msimulizi anasema nini mara tu baada yake. Funika maneno ya msimulizi kwa kidole, usome tena maneno ya mwanamke peke yake.

Jaribu katika sura ya 1. Daisy anamsimulia Nick siku aliyojifungua. Mtoto hakuwa ametimiza saa moja, na Tom hajulikani aliko. Daisy alizinduka kwenye dawa ya usingizi akajiona ametupwa kabisa. Akamuuliza muuguzi kama ni mvulana au msichana. Alipoambiwa ni msichana, aligeuza uso akalia. Akasema anatumaini atakuwa mjinga, kwa sababu jambo bora msichana anaweza kuwa katika dunia hii ni mjinga mdogo mzuri.

Toa kidole. Nick anasema kwamba sauti ya Daisy ilipokoma tu, alihisi kuwa yote aliyoyasema hayakuwa ya kweli, kana kwamba jioni nzima ilikuwa hila ya kumnasa.

Wasomaji wengi hukumbuka maneno ya Nick na kusahau uchungu wa mzazi aliyeachwa peke yake. Ukifunika, unaona kilichofanyika: mwanamke ametoa ushahidi, na msimulizi ameufuta kabla wino haujakauka.

Fanya vivyo hivyo mwishoni mwa sura ya 3. Nick anasema Jordan si mwaminifu, halafu anaongeza kwamba kukosa uaminifu kwa mwanamke si jambo la kulaumu sana. Aya chache mbele anajitaja kuwa miongoni mwa watu waaminifu wachache aliowahi kuwajua. Katikati ya kauli hizo mbili anakiri kwamba kuna msichana kwao ambaye bado anamwandikia barua kila wiki za "kwa upendo, Nick", na kwamba anachoweza kukumbuka juu yake ni masharubu hafifu ya jasho yanayomtoka juu ya mdomo akicheza tenisi. Mtu mzima amebaki tone la jasho. Msimulizi anayejisifu kwa uaminifu ametuonyesha mwenyewe jinsi anavyoangalia, na hakuna hata mstari mmoja wa majuto.

Sura ya 4 ina hazina nyingine: kwa kurasa kadhaa Jordan ndiye anayesimulia. Hapo tunamwona Daisy usiku kabla ya harusi, amelewa, barua mkononi, mkufu wa lulu wa dola 350,000 umetupwa kwenye kapu la taka, anataka watu waambiwe kwamba amebadili mawazo. Wanamtia kwenye maji baridi. Haiachii barua. Anaingia nayo ndani ya beseni, anaikamua hadi inakuwa donge, na anakubali kuiweka kando inapoanza kumeguka kama theluji. Nusu saa baadaye mkufu uko shingoni.

Jiulize kama Nick angeweza kutupa tukio hilo. Hakuwa chumbani, wala asingeruhusiwa kuingia. Alichokiona mwanamke mwingine ndicho kinachotupa Daisy aliyejaribu kukataa.

Onyo: kumsikiliza Daisy hakukulazimishi kumsafisha. Aliendesha gari lililomuua Myrtle, na hakusimama. Lengo la hatua hii ni kuonyesha ushahidi uliofutwa, na ukianza kuandika wasifu wa shujaa umerudi mahakamani, safari hii kama wakili wa utetezi.

Hatua ya 5: Tafuta jicho la kiume kwa wanawake, na jicho linalorudishwa

Jicho la kiume si lazima liwe usoni pa mwanamume. Katika sura ya 2 ya The Scarlet Letter, riwaya ya Hawthorne ya mwaka 1850, umati wa Boston unamsubiri Hester Prynne atoke gerezani akiwa na herufi A kifuani, alama ya adhabu ya uzinzi. Walio wakali kuliko wote pale sokoni ni wanawake. Mmoja anataka apigwe chapa ya moto usoni, mwingine anataka afe. Na bado sheria inayotekelezwa imetungwa na mahakimu na wachungaji, wote wanaume. Wanawake wale wameazimwa macho.

Upande wa pili ni jicho linalorudishwa, na hapa hakuna kitabu kinachonifurahisha kama Their Eyes Were Watching God cha Zora Neale Hurston, kilichotoka 1937. Joe Starks, meya wa Eatonville, Florida, anamlazimisha mkewe Janie afunge nywele kwa kitambaa dukani, kwa sababu alimwona mwanamume mwingine akizigusa kwa siri. Miaka inapita. Siku moja anamkejeli mbele ya wateja kwamba amezeeka na makalio yamelegea. Janie anamjibu hapohapo, mbele ya wanaume walewale, juu ya mwili wake Joe unavyoonekana akivua suruali. Duka zima linasikia. Joe hana la kusema, anampiga.

Joe anapokufa, kabla ya kuwaita watu, Janie anakwenda kwenye kioo. Anavua kitambaa, anaziachia nywele, anajitazama vizuri na kuona msichana ameondoka, mwanamke wa kupendeza amechukua nafasi yake. Kisha anazifunga tena na kufungua dirisha. Kwa mara ya kwanza anayeangalia na anayeangaliwa ni mtu mmoja.

Daftarini, tukio la namna hii lipe alama ya pekee. Riwaya ikikosa hata moja, ukosefu huo nao ni ushahidi.

Hatua ya 6: Pima kama kitabu kinalijua jicho lake

Hapa ndipo tofauti kati ya msimulizi na mwandishi inapolipa. Swali ni hili: je, maandishi yenyewe yanatupa sababu ya kulitilia shaka jicho hili?

Katika sura ya 5 Nick anakiri kwamba lazima kulikuwa na nyakati ambapo Daisy hakuifikia ndoto ya Gatsby, na kwamba kosa halikuwa lake Daisy, lilikuwa ukubwa wa ndoto yenyewe. Kwa hiyo kitabu kinajua kitu. Lakini mwili wa Myrtle uliogongwa na gari, katika sura ya 7, unaelezwa mpaka titi lililochanika, wakati kifo cha Gatsby kinapewa maji ya bwawa, majani na duara jembamba jekundu. Kitabu kinajua kuhusu Daisy. Kuhusu Myrtle sioni kama kinajua.

Usijibu "ndiyo" au "hapana". Andika kinajua wapi na kinapofuka wapi.

Hatua ya 7: Andika hoja kuu, kisha aya ya kwanza

Hoja dhaifu: "The Great Gatsby inawadhalilisha wanawake." Haiwezi kupingwa wala kuthibitishwa, na haihitaji kusoma kitabu.

Hoja yenye nguvu: "Nick Carraway anampa Daisy sauti na papo hapo anaondoa uzito wake, hivyo msomaji anajifunza kumtilia shaka mwanamke kabla ya kumtilia shaka msimulizi."

Hoja hiyo ina mtu anayetenda, tendo, na matokeo kwa msomaji. Aya itakayofuata ichukue tukio moja tu, kwa mpangilio huu: nani anaangalia, anaona nini, vitenzi vinasemaje, msimulizi anaongeza nini, na kinachobaki ukimfunika. Nukuu ziwe fupi, na kila moja ifuatwe na sentensi zako zisizopungua mbili. Nukuu iliyoachwa peke yake haijasema kitu.

Ukimaliza, pitia insha na upige mstari chini ya kila sifa ya tabia uliyompa mwanamke: mbinafsi, mrembo, dhaifu, jasiri. Mbele ya kila moja andika jina la aliyeitoa. Ikiwa ni Nick, andika Nick. Ikiwa ni wewe, ifute au uitolee ushahidi.

Halafu mpe mtu asiyekisoma kitabu aya zako mbili na umuulize zinamhusu nani. Akijibu "zinamhusu Daisy", rudi hatua ya 4. Akijibu "zinamhusu huyu Nick na anavyomwangalia Daisy", endelea na aya ya tatu.